Kura ni siri, jina liko ukutani

Mkaaji wa Beni anayejificha hawezi kuishi bila kadi ya uchaguzi. Kwa miaka mingi raia wa Kongo hakuwa na kitambulisho kingine, na kadi ya CENI ndiyo inayoombwa kwenye bariere, benki na kwa wakala wa simu. Kadi hiyohiyo inabeba picha yake, majina ya wazazi, asili na anwani yake. Kisha sheria inataka orodha za wapiga kura zibandikwe hadharani, kila mpita njia asome.

Kwa wengi kubandika orodha ni jambo jema, maana ndipo majina ya marehemu na ya uongo yanapogunduliwa. Lakini Beni na Butembo wako watu ambao kwao karatasi ile ukutani ni hatari: mateka aliyetoroka mikononi mwa ADF, shahidi aliyesimama mbele ya korti ya kijeshi, mwanamke aliyemkimbia mume aliyeapa kumuua. Kifungu cha 5 cha Katiba ya 2006 kinasema kura ni ya siri. Siri hiyo inaficha aliyemchagua, haifichi anakolala.

Mtu huyo anabaki na njia mbili. Ajiandikishe na kuacha alama anapoishi, au akose kadi na kukwama kwenye kila bariere. Hapo kukosa kura ni sehemu tu ya hasara yake.

Serikali inajua kwamba usalama na uchaguzi vinagongana katika eneo hili, ila jibu lake limekuwa kufunga mlango kwa wote. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitasubiri hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Zaidi ya wapiga kura milioni moja walikosa kumchagua rais, naye akaapishwa tarehe 24 Januari 2019. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walipanga mistari, wakanawa mikono na kupiga kura yao wenyewe isiyo rasmi. Watu waliofanya hivyo hawakuogopa sanduku. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Desemba 2023, Masisi na Rutshuru nazo ziliachwa nje kwa sababu ya vita.

Kuzuia mji mzima hakumlindi mtu mmoja anayewindwa. Anayemlinda ni msajili anayeficha jina lake.

Jambo hilo linawezekana. Uingereza ina orodha ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 15. Aliye hatarini huonekana kwenye orodha kwa namba bila jina wala anwani. Anahitaji amri ya korti au ushahidi wa mtu wa kazi inayoaminika, kama polisi au daktari, na kila baada ya miezi 12 anaomba upya.

Wengi watauliza: je, huo si mlango wa wapiga kura hewa? Swali ni la haki. Mwaka 2018 wakaguzi wa shirika la nchi zinazosema Kifaransa, OIF, walikuta 16.6% ya walioandikishwa hawana alama za vidole. Ndiyo maana orodha iliyofichwa isimaanishe mtu asiyejulikana. CENI ichukue picha na vidole vyake kama vya wengine wote, ihesabu walioko kwenye orodha hiyo na kutangaza idadi yao kituo kwa kituo. Kinachofichwa kwa umma ni jina na anwani tu.

Bunge linaweza kuandika mambo matatu katika sheria ya uchaguzi. Kwanza, namba ya kadi itumike badala ya jina kwenye orodha inayobandikwa, na kadi yenyewe isitaje anwani. Pili, aliyeandikishwa Eringeti akakimbilia Butembo aruhusiwe kupiga kura Butembo, bila kurudi kijijini wala kueleza sababu mbele ya mstari. Tatu, ushahidi usitoke kwa jeshi na polisi peke yao. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na wako wanaowaogopa wenye sare pia. Daktari aliyemtibu mwanamke, au mwanasheria wa shahidi, asikilizwe.

Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028, na uandikishaji utaanza kabla yake. Kama sheria haitaguswa sasa, mateka aliyetoroka Mbau atafika tena mbele ya meza ya CENI, aulizwe anaishi mtaa gani, na jibu lake libandikwe ukutani.