Nani Ampimiaye Mkulima Mahindi Yake?

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sababu ya kula mahindi. Mahindi hayo hayakuletwa na adui. Wengi waliyavuna kwa mikono yao.

Mvua iliwakuta wakivuna. Ukame ulikuwa umewafundisha kuogopa njaa na wezi pia, basi wakayaingiza mahindi mabichi nyumbani, wakayarundika penye joto. Kuvu ikaota, ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kuchemshwa chunguni. Aliyeila kwa wingi huharibikiwa ini na kufa upesi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Wala msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1981, huko huko Machakos, sumu hiyo iliua watu 12.

Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango lilipiga marufuku aina tano za unga wa paketi. Lilitenda vyema. Lakini ni nani anunuaye unga wa paketi? Mama abebaye debe lake kichwani mpaka kwenye kinu cha kijiji hapimiwi na mtu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haikusema kila mtu mwenye pesa za dukani.

Tunaambiwa mkulima aelimishwe. Naam, aelimishwe; ila mkulima anajua kwamba mahindi hukaushwa. Asichokuwa nacho ni turubai, jua wakati wa mvua, na kipimo cha kumwonyesha kwamba unyevu umeshuka mpaka asilimia 13.5. Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayotawanywa shambani ili kuishinda ile yenye sumu, iliidhinishwa nchini mwaka 2015. Dawa iliyoidhinishwa isipofika kwa mwenye ekari moja, kwake ni karatasi tu.

Kisha liko jambo ambalo wakubwa hulikwepa, nalo ni fidia. Mwaka 2004 serikali iliyaharibu mahindi mabaya na kugawa chakula kingine badala yake. Huo ulikuwa uungwana, lakini ulikuja baada ya mazishi. Mtu akijua kwamba gunia lake likipatikana na sumu litachomwa naye arudi nyumbani mikono mitupu, atalificha, au atamuuzia asiyejua. Tusimwite mwovu kabla ya kuuliza watoto wake watakula nini.

Nasi tulio makanisani, tugawapo mahindi ya msaada, tudai yapimwe kwanza.

Kilimo na afya ya wananchi vimo mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Basi bajeti iletwapo mbele ya watu, kila parokia na kila kikundi kipeleke msemaji, naye aulize kwa sauti: mashine za kukaushia ni ngapi, zitawekwa wapi, nani atapima mahindi kinuni, na fungu la fidia ni shilingi ngapi?