Mzee Apewe Kazi, Asipewe Kiti Pekee



 

Wiki hii twapenda kuzungumza na jamaa za nyumbani juu ya wazee wetu na kazi za kujitolea. Jambo lenyewe tutaliendea kwa njia ya mbali kidogo, tupitie Marekani kwanza. Huko wazee wametengewa mitaa yao peke yao, na katika habari za mitaa hiyo mna jambo moja lifaalo kuigwa na jingine lipasalo kukimbiwa. Nasi tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Nyumba za ndani ya ukuta, zenye lango na mlinzi, zimekwisha simama kwetu kuanzia Kilifi na Mtwapa mpaka Nyali na Diani. Ukuta hauji na matofali tu, huja na desturi zake.

Tarehe 1 Januari 1960, tajiri wa ujenzi aitwaye Del Webb alifungua mji mpya katika jimbo la Arizona, mahali palipokuwa mashamba ya pamba karibu na Phoenix. Aliuita Sun City, na aliukusudia kwa watu waliokwisha staafu. Katika siku tatu za mwanzo watu wapatao 100,000 walikwenda kuutazama. Mnamo 1962, huko Seal Beach, California, mjenzi mwingine, Ross Cortese, akafungua Leisure World, nao huo ukazungushiwa ukuta na kuwekewa walinzi malangoni. Tangu hapo mitaa ya namna hiyo imeenea nchini humo, hata sheria ikatungwa kuielekeza: mtaa utakaokubaliwa kuwa wa wenye miaka 55 na zaidi, ni lazima katika kila nyumba 100 zinazokaliwa, 80 au zaidi ziwe na angalau mtu mmoja wa umri huo.

Mtu wa kwetu akisikia habari hizi, la kwanza limjialo kinywani ni kusema kwamba wale wametupwa na watoto wao. Hukumu hiyo ni ya haraka. Wengi walizinunua nyumba zile kwa hiari na kwa fedha zao wenyewe. Tena wakiisha kuingia, hawaketi wakiingoja siku. Sun City haina meya wala baraza la mji lake, kwa hivyo mambo mengi yameangukia mikono ya wakaazi. Wapo wanaojitolea kusafisha kando za barabara na kupogoa miti, ilhali wenyewe ni watu wa miaka sabini. Wapo wanaovaa sare na kuzunguka mitaani kwa magari kuangalia usalama, wakishirikiana na polisi wa wilaya yao. Huko Seal Beach, wakaazi huchaguana wenyewe kuongoza mambo yao, wakaunda kamati za kuyasimamia, na mtaa una gazeti lake la kila wiki kama sisi tulivyo na jarida hili. Wapo pia wanaojitolea kuazima viti vya magurudumu na vifaa vya kutembelea kwa jirani anayetoka hospitali.

Hilo ndilo la kuiga. Mzee yule anapoamka asubuhi, yuko mahali anapongojewa. Asipofika, kazi italala, na mtu atapiga mlango kuuliza hali yake.

La kukimbiwa nalo ni hili. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaazi wa Sun City walikuwa ndani ya wilaya ya shule ya mji jirani wa Peoria. Kila ilipoletwa kura ya kukopa fedha za kujenga madarasa, mkopo ambao ungelipwa kwa kodi za nyumba, wao waliikataa, na wakaikataa tena na tena, mpaka mwishowe wakatengwa na wilaya ile ya shule. Hawakuwa watu waovu. Wengi wao walikuwa wamesomesha watoto wao kwingine na kuona kwamba zamu yao imekwisha. Lakini mtu akikaa mahali ambapo hasikii mtoto akilia wala akisoma, baada ya muda shule huwa ni jambo la watu wengine. Sun City haikuhitaji ukuta wa mawe. Kanuni ya umri ilitosha kuwa ukuta.

Sasa tujitazame sisi. Ukuta huo sisi hatunao, alhamdulillahi. Babu na bibi wako nyumbani, wajukuu wanawapanda magotini, na mwenye kumpeleka mzazi wake kulelewa na wageni huona haya mbele ya jamaa. Mola wetu katika Suratul Israa ameuweka wema kwa wazazi karibu na kumwabudu Yeye peke yake, akakataza hata ile guno ndogo ya kuchoshwa nao, na akaamrisha wainamishiwe bawa la unyenyekevu. Haya twayajua, na watoto wetu huyahifadhi chuoni.

Walakini yatupasa tujiulize: huyo mzee aliyeko nyumbani, tumempa nini cha kufanya? Aghalabu tumempa kiti. Asubuhi hutolewa barazani, adhuhuri huingizwa ndani, alasiri hutolewa tena. Chakula huletewa, dawa huletewa, na mazungumzo ya nyumba hupita juu ya kichwa chake. Aliyekuwa karani wa bandari miaka thelathini haulizwi hesabu ya chochote. Aliyekuwa nahodha, aliyezijua pepo za kaskazi na kusi, huulizwa tu kama amekula. Huko ni kuhudumiwa, na ni jambo jema. Lakini mtu anayehudumiwa tu, wala hahitajiwi, huanza kujiona mzigo, na wengi wa wazee wetu wanasononeka kwa jambo hilo, wala hawalisemi.

Hata Katiba ya nchi yetu ya 2010 imelizingatia jambo hili. Kifungu cha 57 chataja haki za wazee, na cha kwanza kutajwa ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kutunzwa na jamaa na dola kumetajwa mwisho. Sisi tumelishika la mwisho tukaliacha la kwanza.

Na dini yetu haikumpa mzee ruhusa ya kusahauliwa. Abu Ayyub al-Ansari, radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye aliyempokea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, nyumbani kwake Madina. Miaka mingi baadaye, akiwa mkongwe, alitoka na jeshi la Waislamu mpaka Konstantinopo, na huko ndiko alikofia na kuzikwa. Uzee haukumfanya aone kwamba amekwisha fanya yake. Na katika Suratul Kahf twasoma habari ya Nabii Musa na mja mwema, walipofika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula, na yule mja akausimamisha ukuta uliotaka kuanguka, pasi na ujira. Chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili. Kwa hivyo kujitolea kuna asili katika Kitabu chetu, na ukuta uliosifiwa humo ni ule unaohifadhi haki ya watoto.

Basi twapendekeza kwa kamati za misikiti na za mitaa mambo yafuatayo, nayo si ya gharama.

La kwanza ni daftari. Kamati nyingi zina orodha ya wazee wa kupewa futari na zaka. Iongezwe safu moja mbele ya kila jina: huyu anajua nini? Mwalimu, mshoni, fundi seremala, mkunga, karani, mvuvi. Orodha isiyo na safu hiyo yamwonyesha mzee kuwa ni tumbo tu.

La pili ni hesabu. Wachukuliwe wazee wawili waliozoea kazi ya daftari, wasio na cheo katika kamati, wapitie mapato na matumizi ya msikiti kila mwezi na kuyasoma mbele ya maamuma baada ya swala ya Ijumaa. Fitina nyingi za misikiti huanzia hapa, na macho ya mzee asiyetaka chochote huzizima kabla hazijawaka.

La tatu ni vifaa vya wagonjwa. Katika mitaa yetu mna viti vya magurudumu, magongo na vitanda vya wagonjwa vilivyonunuliwa kwa taabu, na mwenyewe alipofariki vikatiwa stoo vishike kutu, ilhali nyumba ya tatu mtu anabebwa mgongoni kwenda msalani. Vikusanywe chumba kimoja, na mzee mmoja awe mwenye ufunguo na daftari la kuazima. Kazi hii haitaki nguvu, yataka uaminifu na kukaa mahali, na vyote viwili wazee wanavyo.

La nne ni akina mama wazee, ambao kamati zetu huwakumbuka siku ya kupika tu. Mamlaka makubwa wanayo wao, nayo ni kuosha na kukafini maiti wa kike. Katika mitaa mingine wajuao kazi hiyo wamebaki wawili au watatu, na umri umekwenda. Wakiondoka bila ya kurithisha, binti zetu watazunguka mji mzima kutafuta wa kumwosha mama yao. Waombwe tangu leo wawafundishe vijana wa kike, wapewe chumba na siku maalumu, na waitwe walimu, kwa sababu ndivyo walivyo.

La tano ni watoto. Baada ya alasiri, kabla ya chuo, mzee mmoja aketi na watoto watano au sita awafundishe analolijua: kudarizi kofia, kusuka jamvi, kutia udhu sawasawa, nasaba za jamaa na majirani. Hapa ndipo tuwazidipo wale wa Sun City, kwani mzee wetu na mtoto wetu wako upande mmoja wa ukuta.

Yupo atakayesema kwamba mzee amechoka, aachwe apumzike. Ni kweli, na asiyetaka asisumbuliwe. Kazi na iwe ya kadiri yake, aombwe wala asiamrishwe, na akichoka ashukuriwe. Hata aliye kitandani aweza kuulizwa rai na kuombwa dua, akajua kwamba bado yumo.

Yupo pia atakayesema kwamba wazee wamekwisha pewa nafasi, kwani kamati zimejaa wao. Hapa yafaa tuseme kwa adabu lakini wazi. Kushika kiti cha mwenyekiti miaka ishirini, mpaka kitoke kwa jeneza, siko tukusudiako. Wale wa Seal Beach huchaguana kwa muda maalumu, muda ukiisha mwingine huingia. Penye wazee haliharibiki neno, lakini laweza kulala wasipomwachia mtu nafasi. Uongozi uwe kwa zamu, wa miaka miwili au mitatu, na anayetoka apewe kazi nyingine mara moja, asirudishwe barazani.

La mwisho ni kwa watoto, hasa walio Nairobi, Ghuba na Ulaya. Kamati ya mtaa haimwondolei mtoto faradhi yake. Mpango wa Inua Jamii humpa mwenye miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa Sh2,000 kwa mwezi, na jirani mwema aweza kumsindikiza kuzichukua. Lakini dola na jirani si mwana. Fedha za simu hufika kwa dakika moja, ila hazimuulizi mama alilalaje. Piga simu, na ukipiga, muulize jambo ambalo wewe hulijui na yeye analijua. Umwombe shauri. Hilo ni la wema zaidi kuliko kumuuliza kama dawa zimefika.

Tumewaona watu wa mbali wakijitenga na watoto, lakini wakapeana kazi. Sisi hatukujitenga, bali tumewanyima wazee wetu kazi. Mwenye kuyakusanya mema yote mawili atakuwa ametimiza. Tunaomba kila jamaa, kabla ya Ijumaa ijayo, imkalishe mzee wake na imuulize suala moja: ni kitu gani unachokijua, ambacho ungependa tujifunze kwako kabla ya kuondoka duniani? Kisha jamaa inyamaze, isikilize.

Ewe Mola wetu, wabariki wazee wetu katika umri na afya, waghufirie waliotangulia, tujaalie kizazi kitakachotuhitaji tutakapozeeka, wala usituache mikononi mwa nafsi zetu. Amin.