Sungura Aliyehasiwa Ni Amana: Kazi Haiishii kwa Daktari

Ndugu msomaji, miongoni mwa wanyama wanaofugwa majumbani mwetu, sungura ndiye anayedhulumiwa kwa sababu ya upole wake. Mbwa akiumia hubweka, paka hulia, na mbuzi hupiga kelele hata jirani akasikia. Sungura hunyamaza. Huko porini walikotoka wahenga wake, unyamavu huo ulikuwa ngao, kwani mnyama anayewindwa akidhihirisha udhaifu huwa amemwita adui kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani ngao hiyo hiyo humgeukia ikawa sababu ya mauti yake: mwenye nyumba humtazama, humwona ametulia, akadhani mambo ni shwari.

Jambo hili hudhihirika zaidi pale sungura anapohasiwa. Watu wengi hudhani kwamba shughuli yote imo mikononi mwa daktari wa mifugo, na kwamba wao wajibu wao ni kulipa na kumrudisha mnyama nyumbani. Rai yetu ni kinyume cha hivyo. Tunasema kwamba mtu asiye tayari kwa siku kumi za uangalizi asimpeleke sungura wake kuhasiwa, na aliye tayari hana budi kujua kwamba sehemu kubwa ya usalama wa mnyama huyo imo mikononi mwake yeye.

Je, kuna haja ya kumhasi?

Kwanza tuweke wazi kwamba hatuwazungumzii wafugaji wa sungura wa nyama. Hao hutenganisha madume na majike, na huwachinja wanyama wao wangali vijana. Hawana haja ya operesheni. Tunamzungumzia sungura anayekaa nyumbani kama mwenzi wa watoto, ambaye akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka minane au hata kumi.

Kwa sungura wa namna hiyo, haja ipo. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 30 au 31 tu, na anaweza kupata mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Watoto wake nao huweza kuanza kuzaana wakiwa na umri wa takriban miezi minne. Basi anayeweka dume na jike katika tundu moja, mwaka hautaisha ila atakuwa na kundi asiloweza kulilisha. Madume mawili yasiyohasiwa, yakiwekwa pamoja, hupigana na kujeruhiana vibaya. Ama jike asiyehasiwa, anapopita umri wa miaka minne huwa katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba, ugonjwa ambao ni wa kawaida mno kwa majike ya sungura. Na kumtenga sungura mmoja peke yake maisha yake yote si suluhisho, kwani huyu ni mnyama wa jamaa, upweke humdhoofisha.

Wapo wanaouliza kuhusu hukumu ya sharia. Wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Wako waliochukia kuhasi wanyama kwa kuona kwamba ni kuwatesa na kubadilisha maumbile, na wako walioruhusu pale yanapopatikana manufaa na kuepukwa madhara, wakitaja pia zile riwaya zisemazo kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo waliohasiwa. Hatukusudii kuihukumu khitilafu hiyo katika ukurasa huu. Tunalotaka msomaji alizingatie ni kwamba pande zote mbili zimekutana mahali pamoja: mnyama asiteswe. Kwa hiyo anayechukua ruhusa hiyo bila ya kuchukua wajibu unaofuatana nayo, amechukua nusu tu ya hukumu.

Hesabu inayopaswa kututisha

Huko Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa baina ya mwaka 2002 na 2004, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, kuhusu wanyama wanaokufa kwa sababu zinazohusiana na dawa ya usingizi. Kwa mbwa, vifo vilikuwa takriban asilimia 0.17, kwa paka asilimia 0.24, lakini kwa sungura vilifikia asilimia 1.39, yaani karibu mmoja katika kila 72. Hata sungura waliokuwa na afya njema walikufa kwa kiwango cha asilimia 0.73.

Ni kweli kwamba ujuzi wa madaktari umeendelea tangu wakati huo. Lakini iko sehemu moja ya utafiti huo ambayo haipaswi kupitwa: karibu thuluthi mbili ya sungura waliokufa hawakufa chini ya kisu, bali walikufa baada ya operesheni kwisha. Yaani hatari kubwa ilikuja pale watu wanapodhani kwamba hatari imepita.

Matayarisho

La kwanza ni kumchagua daktari. Si kila anayewatibu ng'ombe vizuri ana uzoefu na sungura. Muulize: umewahi kuwahasi sungura? Unatumia dawa ya usingizi? Utampa dawa ya maumivu, na ya siku ngapi? Nani atamwangalia mpaka aamke? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya. Ama yule mtu wa mtaani anayejitolea kumhasi sungura kwa wembe, bila ya ganzi wala usingizi, asikaribishwe kabisa.

La pili ni chakula. Binadamu, mbwa na paka huambiwa wafunge kabla ya operesheni ili wasitapike. Sungura hawezi kutapika. Mwenyezi Mungu hakumpa uwezo huo. Tumbo lake limeumbwa kufanya kazi mchana na usiku, na likisimama gesi hujaa, maumivu huzidi, na mnyama huacha kula kabisa. Kwa hiyo kumshindisha na njaa usiku kucha ni kuanza kumwua kabla ya kisu. Anayekuagiza umfungishe sungura wako tangu jioni amekuonyesha mwenyewe kwamba hamjui mnyama huyu. Beba nyasi kavu na majani aliyoyazoea, umkabidhi daktari ili ampe mara tu anapoamka. Wala usimbadilishie chakula katika wiki inayotangulia.

La tatu ni umri na afya. Dume huweza kuhasiwa baada ya korodani kushuka, kwa kawaida kuanzia miezi mitatu au minne. Jike hungojewa afikie miezi mitano au sita. Anayepiga chafya, anayetokwa na makamasi, au aliyenenepa kupita kiasi, achunguzwe kwanza. Apimwe uzito siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa zote hukadiriwa kwa uzito, na kosa dogo kwa mnyama wa kilo mbili si dogo.

La nne ni safari. Msafirishe asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, katika kikapu au tundu lenye kitambaa. Sungura hatoki jasho, na joto la mchana katika miji ya pwani humdhuru upesi. Akiwa na mwenzake wanayependana, waende pamoja, wasije wakasahauliana harufu na kupigana wakutanapo tena.

Siku za uangalizi

Anaporudi nyumbani, atayarishiwe mahali pa ndani, pasipo na ngazi wala pa kurukia, penye utulivu na hewa. Tandika kitambaa safi au magazeti. Maranda ya mbao hushika kwenye kidonda. Mnyama aliyetoka kwenye usingizi wa dawa hupoteza joto la mwili, hivyo asilazwe kwenye saruji tupu wala mbele ya feni.

Kisha yaangalie mambo mawili kuliko yote: kinachoingia na kinachotoka. Dume aliyehasiwa mara nyingi huanza kula siku ile ile. Jike, ambaye hupasuliwa tumbo, huweza kuchelewa kidogo. Mpe majani yenye harufu inayomvuta, kama mchunga, kotimiri au majani ya karoti, pamoja na nyasi kavu nyingi. Tazama pia kinyesi chake: kimepungua, kimekuwa kidogo kidogo, au hakipo kabisa? Zikipita saa 12 bila ya yeye kula chochote, usingoje kesho. Mtafute daktari usiku huo huo. Huenda daktari akakuagiza umlishe kwa sirinji isiyo na sindano, kwa kumponda chakula cha punje katika maji ya vuguvugu na kumtilia kidogo kidogo pembeni mwa mdomo akiwa ameketi. Usimlaze chali, asije akapaliwa.

La pili ni maumivu. Tumekwisha sema kwamba sungura halii. Lakini uso wake husema. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa sungura: macho hufumbwa nusu, mashavu hubonyea, pua na masharubu hubadilika, masikio hukazwa nyuma. Ongeza na haya: hujikunyata pembeni, husaga meno kwa nguvu, hukataa kusogea. Anayeonyesha dalili hizi anahitaji dawa ya maumivu iliyotolewa na daktari wa mifugo, kwa kipimo na kwa siku alizoagiza. Asipewe vidonge vya binadamu kwa kukisia.

Hapa tunatoa onyo maalumu. Katika miji yetu ni jambo jepesi mtu kwenda duka la dawa akanunua amoksilini kwa hofu ya kidonda kuoza. Amoksilini, ampisilini na dawa za jamaa hiyo, zikipitishwa mdomoni mwa sungura, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kuacha vile vyenye sumu vishamiri. Sungura huharisha na kufa katika muda mfupi. Dawa iliyomponya mtoto wako inaweza kumwua sungura wako.

La tatu ni kidonda. Kitazame asubuhi na jioni kwa muda wa siku kumi. Uvimbe unaozidi, usaha, damu, au nyuzi zilizokatika ni sababu ya kurudi kwa daktari. Usimwogeshe. Uzuie nzi kwa chandarua na kwa usafi wa kila siku, kwa sababu nzi akitaga penye unyevu, funza huanza kumla mnyama akiwa hai. Wala usikimbilie kumvika kola ya shingoni, kwani sungura hula tena kinyesi chake laini moja kwa moja anapokitoa, na ndani yake mna lishe anayoihitaji, kola humnyima.

Mwisho, dume aliyehasiwa leo bado ana mbegu. Atengwe na jike asiyehasiwa kwa muda usiopungua wiki nne, na zikiwa sita ni salama zaidi. Wengi wamedharau jambo hili, wakajikuta na watoto wa sungura baada ya gharama zote.

Jawabu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema: watu wenyewe wanakosa matibabu, nanyi mwatuhubiria sungura? Jawabu letu ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kumfuga. Lakini aliyemweka kiumbe nyuma ya waya amemwondolea uwezo wa kujitafutia, na tangu saa hiyo haja zake zote zimekuwa deni shingoni mwake. Tunaijua sote hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kukosa mali. Lilikuwa ni kufunga mlango kisha asijali kilicho nyuma yake. Asiye na uwezo wa gharama hizi anayo njia nyepesi: afuge majike mawili waliokua pamoja, au asifuge kabisa.

Wengine humwachia mtoto kazi yote, wakisema ni sungura wake. Mtoto ashirikishwe, ahesabu kinyesi, alete majani, ajifunze huruma kwa vitendo. Lakini mtoto wa miaka minane hawezi kutambua usiku wa manane kwamba tumbo la mnyama limesimama. Mwenye dhamana ni mzazi aliyeridhia mnyama huyo aingie nyumbani.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kupanga siku ya operesheni, jiulize kwanza kama siku kumi zinazofuata unazo. Kama unazo, mpeleke, kisha ukae naye. Kama huna, iahirishe mpaka uzipate, na hadi wakati huo watenganishe madume na majike.