Kipya Kinyemi, Ila Tujue Tulichobomoa

Mwanafunzi anayeabiri matatu jijini Nairobi husikia utingo wakitaja Odeon, Globe na Bellevue kila uchao. Aghalabu hajui kwamba mahali hapo palikuwa na sinema zenye majina hayo. Odeon katikati ya jiji na Globe upande wa Ngara zilikuwa kumbi. Bellevue, kando ya barabara ya Mombasa, ilikuwa uwanja ambapo watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari, sawa na Fox kwenye barabara ya Thika. Filamu zimeondoka, yamesalia majina.

Mimi ni wa kizazi kilichozijua sehemu hizo zikiwa hai. Kule Fox gari liliegeshwa jua likitua, kipaza sauti kidogo kikatundikwa dirishani, na watoto wakasinzia kwenye kiti cha nyuma kabla ya mhalifu kukamatwa. Katika kumbi za Ngara tulizikariri nyimbo za filamu za Kihindi ilhali hatukuelewa neno hata moja. Karani, fundi wa cherehani, mwanafunzi na mwenye duka walipanga foleni moja, wakacheka pamoja gizani, kisha wakarejea makwao wakibishana kuhusu mwisho wa hadithi.

Wapo watakaonikosoa kwamba sinema hizo hazikuuawa na yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Televisheni, na baadaye kanda za video katika miaka ya 1980, zilileta filamu sebuleni. Tena uwanja mpana unaotumika usiku pekee hauwezi kushindana na bei ya ardhi kando ya barabara kuu. Mwenye mali ana haki ya kuuza mali yake, nami sipingi maendeleo.

Ninalolipinga ni dhana kwamba kilichopotea ni biashara tu. Kilichopotea ni mahali ambapo watu wa tabaka na makabila mbalimbali walikutana bila kualikana. Jengo jipya la maduka hung'ara, lakini kijana asiye na pesa za kununua kitu hutazamwa na bawabu kwa jicho la shaka. Akikosa ukumbi, akakosa na uwanja wa kuchezea, atakwenda wapi jioni ila kwenye kamari na ulevi? Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kidonda chetu ni mitaa yenye maelfu ya wakazi wasiojuana.

Wala si lazima kila kilicho kikongwe kibomolewe. Sinema ya Shan, iliyokuwa Ngara, haikuangushwa. Shirika la Sarakasi liliichukua, nayo ikageuzwa kuwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho ya sarakasi, ngoma na muziki. Kuta ni zile zile, kazi ni mpya.

Sheria pia haijatuacha mikono mitupu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti majukumu kuhusu sinema, maktaba, makavazi, michezo na sehemu za burudani. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Kwa hivyo, ukumbi wa umma au kiwanja cha mtaa kisigeuzwe kuwa nyumba za kupangisha kabla ya wakazi kuulizwa. Wala wakazi nao wasisubiri tingatinga lifike ndipo wapige mayowe.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Badala ya kuwapa wanafunzi insha kuhusu miji ambayo hawajaiona, wawatume wakawahoji wazee wa mtaani. Kituo hiki kilipataje jina lake? Palikuwa na nini hapa? Nani alikuja, na kwa nini waliacha kuja? Kisha waulize swali lililo zito zaidi: ni ukumbi gani, maktaba gani au kiwanja gani kilichosalia, na hati yake ya umiliki ina jina la nani? Majibu hayo hayatairudisha Odeon wala Fox. Lakini kizazi kinachojua kilichopotea ndicho kitakachoweza kukilinda kilichobaki.