Mafua ya Mtoto Yasitafutiwe Mchawi



Mama mmoja alileta hospitalini mtoto wa miaka miwili. Kifua chake kililia kama filimbi, na mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Jamaa walikuwa wamekwisha kwenda kwa mfumu, naye akamtaja nyanya wa mtoto kuwa mchawi. Nikauliza, "Mama, ugonjwa ulianza namna gani?" Akajibu, "Ulianza kwa mafua tu. Nyumba nzima tulikuwa tunakohoa."

Neno hilo "tu" ndilo kosa letu. Mafua huletwa na vijidudu vidogo sana, vinaitwa virusi. Kimoja, RSV, wanganga walikitambua mwaka 1956. Kwa mtu mzima huleta makamasi. Lakini mirija ya pumzi ya mtoto ni myembamba. Ikivimba na kujaa makohozi, pumzi hupita kwa shida na kifua hulia. Wengi hupona kabisa. Lakini watoto waliougua hivyo kwa nguvu, zaidi wale ambao pumu imo katika jamaa yao, hupata pumu baadaye mara nyingi kuliko wengine. Na mwenye pumu akishikwa na mafua, pumu huamka.

Basi, aliyeleta ugonjwa si mchawi. Uliletwa na kikohozi chetu na mikono yetu isiyonawiwa. Sisemi hivi ili mama ahukumiwe badala ya nyanya. Nasema ili tuache kutafuta mtu, tulinde mtoto.

Mwenye mafua anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, tena akohoe mbali naye. Mtoto anyonye maziwa ya mama. Moshi wa kuni na wa tumbako usiingie anapolala. Msimkate kimio, wala msimchanje kifuani. Msinunue pensilini sokoni, kwa kuwa haiui virusi. Mwenye pumu atapewa dawa ya kuvuta. Hata chupa safi ya plastiki yafaa kumsaidia kuivuta, na muuguzi atawaonyesha namna ya kuitengeneza.

Lakini mtoto ambaye mbavu zake zinaingia ndani, au anashindwa kunyonya, au midomo yake inageuka rangi, asingoje asubuhi. Mleteni usiku uleule.

Mtoto yule alipona. Siku ya kurudi nyumbani, aliyembeba mgongoni ni nyanya yake.