Msiniongezee Digrii

Mwalimu mmoja hapa Amukura aliniomba kitu kidogo: "Ukisimama mbele ya watoto, sema tu ulimaliza chuo. Ukweli utawavunja moyo."

Nilikataa. Bado nakataa.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Karo ilinishinda, mkopo haukutosha, nikarudi nyumbani na begi moja. Siku hizi naishi kwa kuandika makala, na kila Ijumaa jioni nakaa chini ya mwembe na wanafunzi 12 wa Gredi ya 8. Silipwi.

Shida yetu ni kudhani mshauri wa watoto lazima awe mtu aliyefaulu. Tunaita mkubwa fulani kutoka Nairobi. Anashuka kwa gari, anasema hata yeye alitembea bila viatu, anapigwa picha, anaenda. Watoto wanapiga makofi. Halafu?

Malaba si mbali. Foleni ya malori ya kuingia Uganda ni shule nyingine, na hiyo haiitishi karo. Kijana wa miaka 14 akiuzia madereva maji na njugu, jioni ana pesa mfukoni. Huyo utamwambia nini? Ati asome kwa bidii atafaulu? Ameona waliosoma kwa bidii wakarudi nyumbani. Ameniona mimi.

Siku moja mmoja wao aliniuliza, "Na ukikosa karo, unakuwa nani?"

Nikamwambia ukweli. Mimi sikufukuzwa. Niliona aibu, nikajificha, nikaacha kwenda darasani. Ningeweza kuomba kuahirisha masomo, lakini sikuuliza mtu. Hata fomu ya basari ya CDF sikurudi nyumbani kuijaza, kwa sababu chifu angejua nimekwama.

Sasa niambie: nikiwadanganya kuhusu digrii, si nitakuwa nawafundisha aibu ileile iliyonitoa chuoni?

Sisemi wenye digrii wasije. Waje, lakini warudi. Mtoto hafunguki siku ya kwanza; wangu walichukua karibu muhula mzima kabla ya mmoja kusema nyumbani hakuliki.

Kama Ijumaa ijayo hutakuwepo, hotuba yako baki nayo. Na wewe uliyekwama kama mimi, uko hapa kijijini, jioni huna kazi: njoo. Mwembe una kivuli cha kutosha.