Kobalti inatoka Congo, lakini Mkongomani hawezi kufungua batri ya simu yake

Simu nyingi zinazouzwa leo katika maduka ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira zina kioo kikubwa, kamera mbili au tatu na rangi ya kuvutia macho. Lakini mtu akiigeuza simu hiyo, haoni mahali pa kuingiza ukucha. Kifuniko kimebanwa kwa gundi, batri imefungiwa ndani, na katika simu za bei ya juu hata tundu la kadi memori limeondolewa. Mnunuzi anaambiwa kwamba hayo ni maendeleo. Kwa mkaaji wa mashariki ya Congo, ambaye umeme unamfikia kwa zamu na mega anazinunua kwa jasho, hayo ni hasara.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Apple ndiyo iliyofungua njia mwaka 2007 kwa iPhone ya kwanza, ambayo batri yake haikutoka wala haikuwa na nafasi ya kadi. Kwa miaka mingi kompani zingine zilikataa kufuata. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na kifuniko cha plastiki kinachofunguka kwa kidole, batri inayotoka, na tundu la kadi memori. Mwaka uliofuata, Galaxy S6 iliondoa vyote viwili kwa mara moja. Wateja walinung'unika, na mwaka 2016 kadi memori ikarudishwa kwenye Galaxy S7. Batri haikurudi. Mwaka 2021, kwa Galaxy S21, kadi iliondolewa tena. LG, iliyojaribu kushikilia batri inayotoka hadi V20 ya mwaka 2016, iliacha kabisa biashara ya simu mwaka 2021.

Leo hali hiyo imeshuka kutoka simu za matajiri hadi simu za watu wa kawaida. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel zinazotumia Android zinakuja na batri isiyotoka. Bado nyingi zina tundu la kadi memori, na hiyo ni bahati. Batri inayofunguka kwa mkono imebaki hasa katika simu ndogo za vibonyezo, zile zinazotumia batri ya BL-5C ambayo mtu anaweza kuitoa kwenye simu na kuiweka ndani ya redio yake ndogo. Ni ajabu kwamba simu ya bei ndogo kabisa ndiyo inayomheshimu mwenyewe kuliko simu ya dola mia mbili.

Batri inazeeka, simu haijazeeka

Batri ya lithiamu haidumu milele. Kila inapojazwa na kuisha, inapoteza nguvu kidogo. Apple yenyewe ilieleza kwamba batri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa ili zibaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya kujazwa mara 500. Mtu anayejaza simu kila siku anafikia hesabu hiyo kabla ya mwaka mmoja na nusu. Joto linaharakisha kuzeeka huko, na pia desturi ya kuacha simu iishe kabisa kwa kukosa moto wa kuchaji. Hayo yote ni maisha ya kila siku katika miji ya Kivu, Ituri na Tanganyika.

Kuna pia simu za okazioni zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya. Hizo zinafika zikiwa na batri iliyokwisha kufanya kazi miaka miwili au mitatu kwa mtu mwingine. Kioo kinang'aa, lakini batri imechoka. Mnunuzi anagundua baada ya wiki mbili kwamba simu inazima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30.

Zamani dawa ilikuwa rahisi: kununua batri nyingine, kuiweka kwa sekunde kumi na tano, na simu inaendelea. Sasa lazima simu ipelekwe kwa fundi. Fundi anaipasha joto ili gundi ilegee, anaingiza kipande chembamba cha plastiki, anavuta polepole. Akikosea, kioo kinapasuka. Akitoboa batri, inaweza kuwaka moto mikononi mwake. Mafundi wa Birere kule Goma au wa Kadutu kule Bukavu wanaifanya kazi hiyo kila siku, wengi bila vifaa vinavyostahili, na wanaifanya vizuri kuliko inavyotarajiwa. Lakini kwa nini kazi ya sekunde kumi na tano imegeuzwa kuwa upasuaji? Na baada ya upasuaji huo, simu zingine zinaandika kwenye kioo kwamba batri mpya haitambuliki, kana kwamba mwenye simu ameiba kitu.

Mwaka 2017 dunia iliona matokeo ya jambo hili. Apple ilikubali kwamba programu yake ilikuwa inapunguza mwendo wa iPhone zenye batri zilizochoka, bila kuwaeleza wenyewe wazi. Watu wengi walidhani simu zao zimekufa, wakanunua mpya, kumbe ilitosha kubadili batri. Apple iliomba radhi na kushusha bei ya kubadili batri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25. Kama batri ingekuwa inatoka kwa mkono, siri hiyo isingeweza kudumu hata mwezi mmoja.

Umeme wa zamu, batri moja tu

Katika RDC, karibu mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Hata mijini, délestage ni sehemu ya ratiba ya nyumba. Ndiyo maana zamani wafanyabiashara, madereva wa pikipiki na waandishi wa habari walitembea na batri ya pili mfukoni. Batri moja inabaki kwa mwenye kuchaji, nyingine iko kwenye simu. Hakuna aliyelazimika kuacha simu yake nzima, pamoja na namba, picha na ujumbe wake, ndani ya kibanda cha mtu asiyemjua.

Leo anayechajisha simu kibandani anaacha kila kitu, au anabaki hapo saa mbili akingoja. Pawabenki inasaidia, lakini ni mzigo mwingine wa kununua, na yenyewe pia inataka umeme ili ijazwe.

Ubaya wa jambo hili unaonekana zaidi siku za shida. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mji ulikosa umeme, maji na intaneti. Kila asilimia ya batri ilikuwa na maana: kumtafuta mtoto, kuuliza barabara gani inapitika, kujua nani yuko hai. Baadaye banki zilifungwa, na pesa za simu zikawa njia ambayo familia nyingi zinapata chakula. Mahali kama hapo simu haiwezi kuitwa kitu cha anasa. Ni banki, ni kitambulisho, ni sanduku la barua. Kuifunga batri yake kwa gundi ni kumnyima mtu ufunguo wa sanduku lake mwenyewe.

Kadi memori si kitu cha kizamani

Wanaotetea simu zisizo na kadi wanasema: faili ziwekwe kwenye intaneti, mahali wanapopaita wingu. Huo ni ushauri wa mtu mwenye fiber nyumbani. Kupandisha video ya harusi au nyimbo za kwaya kwenye wingu kunakula mega ambazo zingetosha mwezi mzima wa ujumbe. Na kama mtandao umekatika, au mtu amekimbilia kijiji kisicho na réseau, wingu halimfai kitu.

Kadi memori ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini imebeba mengi katika maeneo haya. Vijana wengi walianza biashara kwa kujaza nyimbo, mahubiri na filamu kwenye kadi za wateja. Mwanafunzi anapokea vitabu vya PDF kutoka kadi ya mwenzake bila kutumia mega hata moja. Familia iliyokimbia ina picha za diploma, za hati ya shamba na za marehemu. Simu ikianguka majini, kadi inatolewa na kukaushwa. Simu isiyo na kadi ikifa, mara nyingi inakufa na kila kitu kilichomo.

Kuna pia suala la bei. iPhone 16 ilipotoka mwaka 2024, ile ya gigabaiti 128 iliuzwa Marekani dola 799, na ile ya gigabaiti 256 dola 899. Tofauti ni dola 100 kwa gigabaiti 128 za kuongeza. Kadi memori ya ukubwa huo kwa kawaida haifiki hata nusu ya fedha hizo. Hapo mtu anaweza kuelewa kwa nini tundu dogo kama hilo limewaudhi watengenezaji.

Sababu za watengenezaji zina uzito gani?

Ni haki kusikiliza upande wa pili. Kompani zinasema kwamba simu iliyofungwa ni nyembamba, haiingizi maji wala vumbi, na inaruhusu batri kubwa zaidi. Wanasema pia kwamba kadi memori ni ya polepole kuliko hifadhi ya ndani, na kwamba kadi bandia zinaharibu faili za watu. Hili la mwisho linajulikana vizuri sokoni, ambapo kadi inaandikwa gigabaiti 128 na ndani hakuna hata 8. Batri bandia nazo zinavimba.

Lakini sababu ya maji haitoshi. Galaxy S5, ambayo kifuniko chake kilifunguka kwa kidole, ilikuwa na kipimo cha IP67: ilivumilia kuzama katika maji ya mita moja kwa nusu saa. Samsung inaendelea hadi leo kutengeneza simu za XCover kwa wafanyakazi wa viwanda, zenye batri inayotoka na zisizoogopa maji. Fairphone ya Uholanzi inauza simu ambazo mwenyewe anaweza kubadili batri bila fundi, na zina nafasi ya kadi. Kwa hiyo inawezekana. Kinachokosekana ni nia, kwa sababu simu inayodumu miaka sita inamaanisha simu mbili ambazo hazikuuzwa.

Kuhusu vitu bandia, dawa yake ni kukagua mipaka na maduka. Hakuna anayefunga kisima kwa sababu jirani ameuza maji machafu.

Ulaya imeamka, Kinshasa bado

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya batri inayosema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, batri za vifaa vidogo lazima ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Sheria za Ulaya zina mlango wa nyuma: simu isiyoingiza maji, na ambayo batri yake inabaki na asilimia 80 baada ya kujazwa mara 1000, inaweza kuendelea kufungwa kwa njia ambayo fundi ndiye anaifungua. Hata hivyo ni hatua. Tangu Juni 2025, anayeuza simu mpya Ulaya analazimika pia kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka saba baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa.

Sheria hiyo inamlinda anayenunua Ulaya. Simu zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika peke yake hazimo. Hapo ndipo serikali ya RDC inapaswa kuingia, na haiwezi kusema kwamba haina uwezo. Mwaka 2020 ilipoanzisha ada ya RAM, iliweza kutambua simu za raia na kukata unite zao hadi malalamiko yakalazimisha ada hiyo ifutwe mwaka 2022. Serikali iliyoweza kuifikia kila simu ili ichukue fedha inaweza pia kuifikia ili imlinde mwenyewe.

ARPTC ina mamlaka ya kuidhinisha aina za simu zinazoingia nchini, na OCC inakagua bidhaa mipakani. Taasisi hizi mbili zinaweza kuanza na mambo machache: kila sanduku la simu liandike wazi kama batri inatoka na kama kuna nafasi ya kadi, muuzaji mkubwa aonyeshe kwamba batri za asili zinapatikana nchini na kwa bei gani, batri bandia zikamatwe kabla hazijafika Birere. Miji nayo iweke mahali pa kukusanya batri zilizokufa, ambazo leo zinatupwa mitaroni na kuishia ziwani.

Na kuna sababu nyingine inayoipa RDC haki ya kusema kwa sauti. Nchi hii inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kobalti ndiyo iliyomo ndani ya batri nyingi za simu. Inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Coltan inayotumika katika vipande vidogo vya ndani ya simu inachimbwa Rubaya, Masisi, ambako damu imemwagika kwa ajili yake. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka huo ikaweka kiwango maalum kwa kila kompani, ili bei ipande. Dunia nzima ilisikiliza. Sauti hiyo hiyo inaweza kutumika kuuliza jinsi kobalti hiyo inavyorudi nyumbani.

Kwa sasa, mnunuzi ana silaha moja: kuuliza kabla ya kulipa. Batri inatoka? Ikichoka, mpya inapatikana wapi, na kwa bei gani? Kuna nafasi ya kadi? Muuzaji akisikia maswali hayo mara kumi kwa siku, atayapeleka kwa anayemuuzia, na huyo atayapeleka mbali zaidi. Simu iliyolipiwa ni mali ya aliyeilipia, pamoja na batri yake.